Maswali ya Wasomaji: Kutafuta Mfasiri wa Kiitaliano na Kicheki

Barua nne zilizotufikia kutoka Njoro, Kisumu, Nakuru mjini na Kakamega zinauliza juu ya lugha mbili ambazo hazisikiki sana katika masoko yetu, Kiitaliano na Kicheki. Nimezijibu pamoja kwa sababu kila moja ina shida yake, ilhali swali la kwanza la kujiuliza ni lile lile katika zote: karatasi hii, au maneno haya, yanakwenda kwa nani, naye atayafanyia nini?

*Mpendwa Mhariri, ndugu yangu mdogo ni mkimbiaji. Aliumia kano ya kisigino cha mguu wa kulia akiwa mashindanoni katika Jamhuri ya Cheki, akapasuliwa huko, na sasa wakala wake amempeleka Italia aendelee na matibabu. Hospitali ya kwanza ilimpa ripoti ya kurasa 11 kwa Kicheki. Rafiki yetu aliipitisha katika programu ya simu, kutoka Kicheki hadi Kiingereza, kisha kutoka Kiingereza hadi Kiitaliano. Daktari wa Italia ameisoma naye anasita, kwa maana anasema karatasi zinaonyesha kwamba mgonjwa ana tatizo la moyo. Ndugu yangu hajawahi kuugua moyo. Mfasiri wa kweli tutampata wapi, na tumtambue vipi? — Kaka wa Mkimbiaji, Njoro*

Pole sana, kaka, na utufikishie pole kwa ndugu yako. Kabla ya kumtafuta mfasiri yeyote, mpigieni daktari huyo leo mumwombe aiweke kando tafsiri ile, asiitumie kuamua lolote. Ikiwa yeye na daktari aliyempasua ndugu yako wanaelewana kwa Kiingereza, waombeni wazungumze kwa simu, kwa sababu dakika chache za mazungumzo yao zitawafaa kuliko kurasa 11 zilizovurugika.

Sijaiona ripoti yenyewe, lakini tazama ukurasa wake wa kwanza uone kama kuna herufi FA. Ripoti za madaktari wa Cheki kwa kawaida huanza na vichwa vifupi vya herufi mbili mbili. OA ni historia ya afya ya mgonjwa mwenyewe, RA ni historia ya magonjwa katika familia yake, AA ni mizio aliyo nayo, na FA ni dawa anazotumia. Programu ya simu mara nyingi huviacha vifupisho kama ilivyovikuta. Sasa mtie daktari wa Italia mbele ya karatasi hiyo. Kwake yeye FA ni kifupisho cha kila siku cha *fibrillazione atriale*, yaani ugonjwa wa moyo kupiga bila mpangilio. Kichwa kilichokusudiwa kutangulia orodha ya dawa, pengine dawa ya maumivu tu, kinageuka kuwa ugonjwa ambao mgonjwa hakuwahi kuusikia. Aliyezoea vifupisho vya Kiingereza naye angejikwaa katika mistari ya jirani, kwani kwake OA ni kuchakaa kwa viungo na RA ni baridi yabisi. Kijana mzima anaweza kutoka katika ukurasa mmoja akiwa na magonjwa matatu.

Upande wa mwili una mtego wake pia. Katika Kicheki, herufi P huashiria kulia, kutokana na neno *pravý*, na L ni kushoto, kutokana na *levý*, hivyo mguu wa kulia huandikwa PDK na wa kushoto LDK. Muitaliano huandika *dx* kwa kulia na *sx* kwa kushoto. Pia utakuta *bpn*, yenye maana kwamba hakuna kasoro iliyoonekana, na neno *neguje*, yaani mgonjwa amekana kuwa na jambo hilo. Mtu anayekijua Kicheki cha mtaani vizuri kabisa, lakini hajawahi kushika ripoti ya hospitali, anaweza kukwama kwenye mistari hii hii ambayo daktari huitazama kwanza. Hapa Kisumu tunalijua jambo hili kwa lugha zetu wenyewe, kwa maana si kila anayezungumza Dholuo kwa ufasaha sokoni anayeweza kumweleza mgonjwa kwa Dholuo alichosema daktari bingwa wa mifupa. Ndiyo sababu ninawasihi msimtafute mtu anayezijua lugha mbili tu, bali mfasiri wa maandishi ya tiba anayefanya kazi moja kwa moja kutoka Kicheki hadi Kiitaliano, bila kupita Kiingereza.

Desturi ya kazi hii ni kwamba mfasiri huandika kwa lugha aliyolelewa nayo. Kwa kuwa ripoti yenu inakwenda kwa msomaji wa Italia, anayewafaa ni Muitaliano aliyejifunza Kicheki kwa kina. Ingekuwa safari ni ya upande wa pili, ningewaambia mtafuteni Mcheki. Kwa Italia, chama cha wafasiri na wakalimani kinachojulikana ni AITI, kilichoanzishwa mwaka 1950, ambacho huorodhesha wanachama wake kwa lugha na kwa fani. Kwa Cheki kuna Jednota tlumočníků a překladatelů, umoja wa wakalimani na wafasiri ulioanza mwaka 1990, nao una orodha ya wanachama inayotafutika kwa njia hiyo hiyo. Msiridhike na jina lenye lugha zote mbili kando yake. Soma anachosema kuhusu fani, na ukiona mtu ameandika kwamba yeye hutafsiri sheria, tiba, uhandisi, mashairi na utalii kwa pamoja, endelea kutafuta.

Ukimpata mtu anayeelekea kufaa, mwulize maswali ambayo hawezi kuyajibu kwa maneno matupu. Amewahi kutafsiri ripoti ya kumruhusu mgonjwa kutoka hospitalini? Vifupisho huviacha, huvifungua, au huvifungua kisha akaweka kile cha asili kandoni? Nani mwingine ataisoma tafsiri kabla haijatoka? Swali hili la mwisho lina uzito, kwa sababu kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataka tafsiri ipitiwe na mtu wa pili akiilinganisha na maandishi ya asili. Kisha mtumie mistari mitatu tu ya mwanzo, ile yenye OA, RA na FA, ukiwa umeficha jina la mgonjwa. Mwenye fani yake atakujibu bila kuhangaika, na hapo utajua.

Kuhusu bei, msilinganishe bei mbili kabla ya kuuliza ukurasa una herufi ngapi. Wacheki huhesabu kwa *normostrana*, ukurasa wa kawaida wenye herufi 1,800 pamoja na nafasi. Waitaliano huhesabu kwa *cartella*, ambayo mara nyingi ni herufi 1,500, ingawa wako wanaotumia kipimo kingine. Maandishi ya herufi 19,800 ni kurasa 11 kwa Mcheki na zaidi ya 13 kwa Muitaliano, kwa hiyo bei inayoonekana ndogo kwa ukurasa inaweza kuwa kubwa kwa kazi nzima. Ulizeni pia kama zinahesabiwa herufi za Kicheki au za Kiitaliano, kwa maana Kicheki hakina vibainishi vya nomino kama *il* na *la* vya Kiitaliano, na tafsiri kwa kawaida hurefuka kuliko asili.

Muhuri wa mahakama wa kuithibitisha tafsiri msiulipie. Daktari anahitaji kuelewa, hahitaji kiapo. Kampuni ya bima ikija kudai tafsiri iliyothibitishwa, mtaulizana nayo wakati huo inataka ipi. Tena, kaka, futeni picha za ripoti hiyo katika makundi ya WhatsApp ya familia na ya wanariadha. Karatasi za ugonjwa ni siri ya mgonjwa, nayo sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa zile zinazohitaji uangalifu wa pekee. Mfasiri anayejali kazi yake atakuomba njia salama ya kuzipokea kabla hujamwuliza.

*Kwa Mhariri. Binti yangu aliolewa na Mcheki wakiwa Italia, na mjukuu wangu wa kike alizaliwa huko. Sasa wanahamia Brno, mji wa kwao mkwe wangu, na wanataka kumwandikisha mtoto. Wanaambiwa vyeti viwe kwa Kicheki. Cheti cha binti yangu cha kuzaliwa, kilichotolewa hapa Kisumu, kilitafsiriwa kwa Kiitaliano wakati wa ndoa, na kuna mtu amewaambia waitafsiri hiyo tafsiri ya Kiitaliano kwa Kicheki. Hapa mjini, kijana wa duka la saiba anasema ataimaliza kazi yote kwa siku moja, kisha wakili ataigonga muhuri. Binti ameniomba nisaidie kulipa. Je, nilipe? — Mama wa Kisumu*

Hapana, Mama, usilipe. Kijana huyo huenda ana nia njema, lakini muhuri wa wakili wa hapa kwetu, au wa kamishna wa viapo, unaonyesha kwamba mtu fulani alikula kiapo mbele yake. Hausemi kwamba Kicheki kilichoandikwa ni sahihi, na msajili wa Cheki hatautambua kuwa ni muhuri wa mfasiri wa mahakama wa nchi yake.

Una karatasi mbili zenye njia mbili tofauti, nami ningependa tuzitenganishe.

Cheti cha mjukuu ni hati ya Italia inayokwenda Cheki, na nchi zote mbili zimo katika Umoja wa Ulaya, Cheki ikiwa imejiunga tarehe 1 Mei 2004. Kwa hati za namna hii kuna Kanuni ya Umoja huo namba 2016/1191, ambayo imekuwa ikitumika tangu tarehe 16 Februari 2019. Kanuni hiyo inaviondolea vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo sharti la kugongwa mhuri wa ziada wa uthibitisho vinapovuka mpaka kutoka nchi mwanachama hadi nyingine. Zaidi ya hapo, inaruhusu cheti kiambatanishwe na fomu ya lugha nyingi ili msomaji wa upande wa pili akielewe bila tafsiri. Binti yako aende kwenye ofisi ya manispaa iliyoandika kuzaliwa kwa mtoto, aombe cheti pamoja na fomu hiyo kwa Kicheki. Aombe pia kile chenye majina ya wazazi wote wawili, kwa maana Italia hutoa cheti kifupi, muhtasari, na nakala kamili ya daftari, na kile kifupi hakitamsaidia kuonyesha kwamba baba ni Mcheki. Fomu haisimami peke yake bila cheti. Inawezekana basi kwamba kwa karatasi hii hamtahitaji mfasiri wa Kiitaliano na Kicheki hata kidogo, na hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kutoa shilingi.

Watakayemwuliza ni msajili mwenyewe. Raia wa Cheki anayezaliwa nje ya nchi huandikishwa katika daftari maalumu linaloitwa *zvláštní matrika*, na bahati nzuri ofisi yake iko Brno huko huko wanakohamia, katika manispaa ya Brno-střed. Ikiwa ofisi hiyo itasema bado inataka tafsiri, basi atafutwe mfasiri wa mahakama, ambaye Wacheki humwita *soudní překladatel*. Sheria yao namba 354 ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, ilitenganisha mfasiri wa mahakama, anayeshughulika na maandishi, na mkalimani wa mahakama, *soudní tlumočník*, anayeshughulika na maneno ya mdomo. Majina yao yamo katika daftari la Wizara ya Sheria, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma kwenye intaneti na kutafuta kwa lugha na kwa mkoa. Aangalie *italština*, yaani Kiitaliano, chini ya wafasiri. Mfasiri huyo huishona tafsiri pamoja na hati yenyewe na kuigonga muhuri wa duara, kwa hiyo binti asipeleke cheti cha pekee alicho nacho. Apeleke nakala iliyothibitishwa, asije akabaki bila asili.

Italia nako kuna utaratibu mwingine, na watu wengi huuchanganya na huu. Kule mfasiri huandika tafsiri, kisha huenda mbele ya karani wa mahakama au mthibitishaji wa hati, akaapa kwamba ameitafsiri kwa uaminifu. Kiapo hicho huitwa *asseverazione*, na kwa kawaida hubandikwa stempu ya kodi ya euro 16 kwa kila kurasa nne. Kanuni niliyoitaja inasema kwamba, kwa hati zinazohusika nayo, tafsiri iliyothibitishwa na mtu anayeruhusiwa na sheria ya nchi moja mwanachama ikubaliwe katika nchi zote wanachama. Hata hivyo, kwa kuwa familia inahamia Brno, ningechagua mfasiri wa Cheki ambaye msajili amezoea muhuri wake.

Cheti cha binti yako cha Kisumu ni habari tofauti. Hicho kimetolewa Kenya, kwa hiyo kanuni ya Ulaya haikigusi, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza. Yule aliyewashauri kuitafsiri tafsiri ya Kiitaliano amewapotosha. Kila mara karatasi inapopita katika lugha nyingine, kitu hudondoka, na kosa lililofanywa na mfasiri wa kwanza hurithiwa na wa pili bila yeye kujua. Rudini kwenye asili, mumtafute mfasiri wa mahakama wa Kiingereza na Kicheki, ambao ni wengi kuliko wa Kiitaliano. Kwa habari ya kukithibitisha cheti chenyewe kabla hakijasafiri, ulizeni ubalozi wa Cheki ulioko Nairobi, mfuate utakavyoelekezwa.

Kuna jambo dogo ambalo limeziliza familia nyingi, nami nalitaja kwa sababu mjukuu wako ni wa kike. Majina ya ukoo ya wanawake wa Cheki kwa desturi huongezwa *-ová* mwishoni, hivi kwamba binti wa Bwana Novák huitwa Nováková. Cheti cha Italia huenda kimemwandika mtoto kwa jina la baba bila nyongeza hiyo, na pengine alama za juu ya herufi zimeachwa pia. Mfasiri hana ruhusa ya kulirekebisha jina. Analiandika kama alivyolikuta. Wazazi ndio wanaoamua mbele ya msajili, na tangu tarehe 1 Januari 2022 sheria ya Cheki inawapa uhuru mpana wa kuchagua umbo la jina. Waamue kabla ya kuingia ofisini, ili mtoto asije akawa na jina moja katika pasipoti na jingine katika daftari.

*Mhariri, kiwanda chetu cha kusaga unga hapa Nakuru kimenunua mashine ya kufungasha iliyotumika. Iliundwa Italia mwaka 2011 na ilikuwa ikifanya kazi katika kiwanda kimoja cha Cheki. Fundi Mcheki aliyeitunza miaka yote atakuja kuisimika, na fundi Muitaliano wa kampuni iliyoiunda atakuja kuikagua. Kitabu tulichoonyeshwa ni cha Kiitaliano. Tunahitaji mtu wa kukitafsiri kwa Kicheki na wa kukaa kati ya mafundi hao kwa siku kumi. Tuanzie wapi? — Meneja, Nakuru*

Bwana Meneja, anzia kwa muuzaji, wala si kwa mfasiri. Sheria ya Ulaya ya mashine, Maelekezo 2006/42/EC yaliyoanza kutumika tarehe 29 Desemba 2009, inataka kitabu cha maelekezo kiwe katika lugha ya nchi ambako mashine inauzwa au inaanza kutumika. Ikiwa mashine ya mwaka 2011 ilinunuliwa mpya na kiwanda cha Cheki, ilipaswa kufika na kitabu cha Kicheki. Mwombe akitafute katika makabati yake. Kitakuwa kimeandikwa *Překlad původního návodu k používání*, yaani tafsiri ya maelekezo ya asili, na kile cha Kiitaliano kitakuwa na maneno *Istruzioni originali*. Huenda kazi uliyotaka kuilipia ilikwisha kufanywa, tena chini ya wajibu wa muundaji mwenyewe.

Kikikosekana, basi utafute mfasiri wa uhandisi, Mcheki kwa malezi, na umpime kwa maneno ya karakana. Muitaliano huita beringi *cuscinetto*, neno ambalo pia ni mto mdogo wa kulalia. Shafti kwake ni *albero*, ambalo pia ni mti, na skrubu ni *vite*, ambalo pia ni mzabibu. Mcheki huita beringi *ložisko*, na neno hilo hilo hutumika kwa madini yaliyolala ardhini. Mwulize mfasiri atazuiaje mti na mzabibu visiingie katika mashine yako, na usikilize kama anayaongea maneno hayo kwa urahisi wa mtu aliyekwisha kuyashika mikononi.

Tarakimu ninazihofia zaidi, kwa sababu hakuna anayezikagua. Muitaliano akiandika 1.500 anamaanisha elfu moja na mia tano, na akiandika 6,5 anamaanisha sita na nusu. Mcheki huandika 1 500 na 6,5. Sisi Wakenya tumefundishwa kinyume, kwamba nukta hutenga sehemu na mkato hutenga maelfu. Jedwali la kasi na shinikizo la hewa likipitia mikono yetu au Kiingereza njiani, mizunguko elfu moja na mia tano kwa dakika yaweza kusomwa moja na nusu. Fundi mzoefu atashtuka na kuuliza; mgeni wa mashine hiyo hatashtuka. Agiza kwamba jedwali zote zisomwe kwa sauti na watu wawili, tarakimu kwa tarakimu, kila mmoja akiwa na toleo lake mkononi.

Mkalimani wa siku kumi ni kazi nyingine na mtu mwingine. Mfasiri ana meza, kamusi na muda wa kufuta. Mkalimani ana pumzi moja tu. Kwanza waulize mafundi wenyewe kama wana lugha ya pamoja, iwe Kiingereza au Kijerumani, hata kama ni ya kubabaisha, kwa maana mafundi wawili mbele ya gia iliyofunguliwa huelewana kwa mengi. Kama hawana, mkalimani wa moja kwa moja kati ya lugha hizi mbili hutamkuta Nakuru, na ofisi za Umoja wa Mataifa zilizoko Nairobi hazitakusaidia kwa hili, kwa sababu lugha rasmi za Umoja huo ni sita na hakuna hata moja kati ya hizi mbili. Unaweza kumleta mtu kutoka Prague au Milano, ukimlipia safari, malazi na siku za mapumziko. Unaweza pia kutumia ukalimani wa kupokezana, mmoja akitoa Kiitaliano kwa Kiingereza na wa pili akitoa Kiingereza kwa Kicheki, ingawa mimi ningeukwepa karibu na mashine inayozunguka, kwa kuwa neno “simama” likichelewa kwa pumzi mbili mkono wa mtu huwa umeshapita. Watu watakutajia Malindi, ambako Waitaliano wameishi miaka mingi na wenyeji wengi wanaizungumza lugha yao vizuri. Ninawaheshimu ndugu zetu hao, nao wanaweza kumpokea na kumsindikiza fundi wako kwa ukarimu mkubwa, ila usimpe yeyote kazi ya karakana kabla hujamwonyesha beringi na kumwuliza inaitwaje.

Ningependekeza uchanganye. Kwa siku tatu au nne za kusimika na kuwasha, awepo mkalimani wa uhandisi ana kwa ana. Kwa siku zilizosalia, za kujaza fomu na kuzungumzia vipuri, atumike kwa njia ya video kutoka huko aliko. Saa za Italia na Cheki ni zile zile, nasi tuko mbele yao kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, kwa hiyo hakuna atakayekesha. Mtumie kitabu, michoro na picha za mashine majuma mawili kabla, aandae faharasa yake. Mkalimani asiyeomba vitu hivyo mapema hajajiandaa kufanya kazi yako. Na kwa kuwa vinu vya unga vina kelele, tafuta vile vipaza sauti vidogo vya masikioni ambavyo waongoza watalii hutumia, ili asilazimike kupiga kelele siku nzima mpaka sauti imkauke.

*Nimejifunza Kiitaliano kwa masista tangu utotoni. Nikijifunza na Kicheki, nitapata kazi ya kutafsiri kati ya lugha hizo? — Binti wa Kakamega*

Dada, ukweli ni kwamba Muitaliano anayehitaji tafsiri kutoka Kicheki atamtafuta Muitaliano mwenzake, na Mcheki vivyo hivyo, kwa sababu ile niliyomweleza kaka wa Njoro. Nguvu yako iko katika lugha uliyozaliwa nayo. Anayeandika Kiswahili kizuri akikitoa moja kwa moja katika Kiitaliano, na baadaye katika Kicheki, ana kitu ambacho Muitaliano na Mcheki hawawezi kumpokonya. Anza kwa kupata cheti cha Kiitaliano kinachotambulika, kama CILS cha Siena au CELI cha Perugia, ukiuliza habari zake katika Taasisi ya Utamaduni wa Italia iliyoko Nairobi. Kwa Kicheki, Chuo Kikuu cha Charles cha Prague hufundisha wageni na kuwatahini kwa mtihani uitwao CCE. Wakati huo huo chagua fani moja, uuguzi, sheria au mitambo, uisome kama anayetaka kuifanya. Ukifika huko, tuandikie tena, kwa sababu wasomaji kama Mama wa Kisumu watakuwa wakikutafuta.